Seti ya kupona nyumbani baada ya upasuaji mkubwa: mto ununue, kisanduku cha dawa kiache

Kumuuguza mwana ambaye sasa ni mtu mzima si sawa na kumuuguza mtoto. Uzito wake ni wa mtu mzima, huwezi kumbeba. Haya zake ni za mtu mzima, hataki uone kila kitu. Na mwili ni wake, kwa hiyo uamuzi ni wake. Ndiyo maana kila kilichomo kwenye seti hizi tumekipima kwa swali moja: kitamwezesha kufanya nini peke yake, jambo ambalo bila hicho angelazimika kukuita?

Seti tunayoizungumzia ni ya wanaotoka kwenye upasuaji wa tumbo au kifua. Ina vitu vinne: mto wa sponji wenye mteremko, mkanda wa tumbo, kifaa cha plastiki cha mazoezi ya mapafu na kisanduku cha dawa chenye vyumba saba.

Mto ndio roho ya seti. Mtu aliyelala chali kabisa akitaka kuinuka, misuli ya tumbo ndiyo inayofanya kazi, na ndiyo iliyokatwa. Akiwa tayari ameinuliwa mgongo, nusu ya safari imeshakwisha. Lakini mito hii haifanani, kwa hiyo chukua futi ya kupimia. Wenye kitako cha sm 60 na kimo cha sm 30 unatoa mteremko wa takriban digrii 27, na huo unatosha kulalia usiku kucha. Wenye kitako hichohicho na kimo cha sm 18 unatoa digrii 17 tu; huo utamfaa mwenye kiungulia, si mwenye mshono. Kisha ukandamize katikati kwa ngumi. Ngumi ikigusa kitanda, sponji ni laini mno na itabonyea mara tu mtu mzima akiiegemea.

Kosa la kwanza ni kuuweka chini ya kichwa peke yake. Shingo inakunjika, kifua kinabanwa, na asubuhi analalamika kwamba mto ni mbaya. Ukingo mwembamba unatakiwa uanzie kiunoni, mgongo wote ulale juu ya sponji, na kichwa kipate mto wake mdogo. Kosa la pili linatokana na kifuniko chenyewe, ambacho mara nyingi huwa cha kitambaa kinachoteleza. Mgonjwa anashuka taratibu usiku, na kila akishuka ngozi ya juu ya mfupa wa mkia inavutwa, ambako vidonda vya kulalia huanzia. Tandika shuka la pamba juu ya mto, na uviringishe blanketi uliweke chini ya mapaja kumzuia. Aliyebadilishiwa goti asiwekewe chochote chini ya goti hilo bila maelekezo, kwani linaweza kupona likiwa limejikunja.

Hata akiwa na mto, kuinuka kuna utaratibu wake. Akunje magoti. Ageuke ubavu mzima kwa pamoja, mabega na nyonga kama gogo. Ashushe miguu nje ya kitanda na wakati huohuo ajisukume kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Akae dakika moja au mbili kwanza, kwa sababu kizunguzungu cha kusimama ghafla ndicho huwaangusha wengi. Wewe simama upande anaotokea, kiganja chako kikiwa nyuma ya bega lake, basi. Usimvute mikono wala kumwinua kwa makwapa, unavuta mshono. Aliyepasuliwa mfupa wa kifua ni habari nyingine: mfupa huo huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana, na katika muda huo kwa kawaida huambiwa asijisukume kwa mikono. Huyo mto unamfaa kuliko wote.

Mkanda wa tumbo ni mzuri kwa kutembea, mradi daktari wake ameukubali. Pima mzingo wa tumbo mahali palipo panene zaidi, baada ya upasuaji. Vipimo vya suruali vya zamani havisaidii, tumbo huwa limevimba. Ufungwe akiwa amelala, juu ya fulana nyembamba ya pamba, kuanzia chini kwenda juu, na vidole viwili vipite chini yake. Velkro ikiwa ubavuni anaifikia mwenyewe. Ikiwa mgongoni, kila safari ya chooni ni wewe tena. Mkanda usipande mbavuni. Ukimbana, atapumua kwa juujuu, na hiyo ni hasara kubwa kuliko faida yote ya mkanda.

Kwa nini? Mtu mwenye maumivu huogopa kuvuta pumzi ndefu na huogopa kukohoa. Makohozi yanatulia chini ya mapafu, na nimonia hupata njia. Hapo ndipo kifaa cha mapafu kinapoingia, na karibu kila mtu hukitumia kinyume: anapuliza. Hakipulizwi, kinavutwa. Akae wima, atoe pumzi yote, abane mdomo kwenye mrija, avute polepole hadi kidude cha ndani kipande, ashikilie sekunde 3 hadi 5, aachie. Mara 10 kila saa akiwa macho, akipumzika katikati akihisi kizunguzungu. Kisha akohoe akiwa amekumbatia mto mdogo mgumu juu ya mshono. Kwa maoni yetu, faida kubwa ya kifaa hiki ni kumkumbusha na kumwonyesha maendeleo. Akivuta pumzi ndefu hivyohivyo bila kifaa, kwa bidii ileile, hajapungukiwa sana.

Kisanduku cha dawa ndicho kilichotukatisha tamaa. Vyumba saba vinaonyesha siku, ilhali dawa za maumivu huenda kwa saa. Chumba kitupu hakikuambii kama alimeza saa 2 au saa 5. Daftari na kalamu vinakishinda: jina la dawa, kiasi, saa, na namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, akiitaja yeye, si wewe kwa kumtazama uso. Mfano wa mstari mmoja: “Saa 12 asubuhi, parasetamoli gramu 1, maumivu 6, saa 1, ametembea hadi mlangoni, maumivu 4.” Mstari huo unamfundisha daktari mengi.

Daftari pia linakamata hatari halisi. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, na mwembamba sana au mwenye ini bovu hupewa pungufu. Tatizo ni kwamba imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua na vidonge vya mchanganyiko, kwa hiyo soma kila pakiti. Kidonge kimezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya kutembea au kuoga, na kisisubiriwe mpaka maumivu yapande hadi 8. Yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Kama amepewa dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini au morfini, ulizeni siku hiyohiyo dawa ya kulainisha choo. Kujikamua chooni ukiwa na mshono mbichi ni mateso yanayoepukika. Dawa hizo hazichanganywi na pombe wala dawa za usingizi. Akisinzia kiasi kwamba haamki vizuri, au akipumua polepole isivyo kawaida, hiyo ni dharura.

Vilivyokosekana kwenye seti vinasikitisha kuliko vilivyomo. Hakuna kipimajoto, na homa ya nyuzi joto 38 au zaidi ni sababu ya kupiga simu kwa waliompasua, sawa na wekundu unaotambaa kuzunguka kidonda, usaha, mshono kufunguka, au kutapika pamoja na tumbo kujaa huku upepo hautoki. Shavu la mguu mmoja (kigimbi) likivimba na kuuma, aonwe siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi ghafla hayasubiri simu, apelekwe hospitali.

Hakuna kengele pia. Nunua ndogo ya mkononi, iwekwe upande asiohitaji kujinyoosha. Kubalianeni mapema: akiipiga, unakuja, asipoipiga, unabisha hodi na kungoja ajibu.