Uzoefu wangu: tuisheni ya kemia ya jioni, Ngamiani, Tanga

Kama uko Tanga mjini na unarudia kemia ya kidato cha nne, kuna darasa la jioni huku Ngamiani ninalolipendekeza kwa moyo mmoja, hasa ikiwa kinachokusumbua ni milinganyo ya ioni, yaani ile inayoonyesha tu vitu vilivyobadilika kweli, zikiwemo chembe zenye chaji (ioni). Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, mchana nashinda dukani, kwa hiyo muda wa baada ya alasiri unanifaa. Malipo ni shilingi 2,000 kwa kipindi, unalipa siku unayokwenda.

Sifa kubwa ya mwalimu huyu ni kwamba hakuachii ushike kalamu kabla hujajibu swali lake: ndani ya maji kuna nini? Hajali chupani pameandikwa nini. Chumvi ya mezani ikishayeyuka haiko tena kama NaCl. Na⁺ (ioni ya sodiamu) iko kivyake na Cl⁻ (ioni ya kloridi) kivyake, kila moja imezingirwa na maji. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Jioni moja alipanga neli tatu za kioo: maji ya bomba, ya kisima, na ya bahari aliyoyachota Raskazone. Akatia kwanza matone ya asidi ya nitriki ili kabonati isituletee mashapo yake, halafu tone la nitrati ya fedha. Ya bomba yakaingia ukungu hafifu, ya kisima ukungu mzito zaidi, ya bahari yakawa meupe kama tui la kwanza.

“Haya wanangu, nani kafanya kazi hapa?”

“Fedha na kloridi, mwalimu.”

“Na sodiamu? Na nitrati?”

“Wamo tu, hawajabadilika.”

“Basi watoeni.”

Ndipo akaandika ubaoni: Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl. Neli ya bahari aliiweka dirishani penye jua, na kabla hatujatoka yale mashapo meupe yalikuwa yameanza kuwa ya kijivu cha zambarau, maana mwanga huivunja kloridi ya fedha ikabaki fedha yenyewe. Kwenye daftari langu mlinganyo ule sikuhitaji kuukariri.

Palipompambanua zaidi na walimu wengine niliowahi kusoma kwao ni kwenye asidi dhaifu. Alichukua jiwe la chokaa, aina ileile ya mawe ya mapango ya Amboni, akalidondoshea asidi ya hidrokloriki, kisha siki. Zote mbili zilitoa mapovu, ila siki polepole. Kwa asidi ya kwanza tuliandika CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂. Jiwe halivunjwi kuwa ioni kwenye mlinganyo kwa sababu haliyeyuki majini. Kwa siki akakataa H⁺ (ioni ya hidrojeni) katakata: asidi ya siki sehemu kubwa imebaki molekuli nzima, basi iandikwe nzima, CaCO₃ + 2CH₃COOH → Ca²⁺ + 2CH₃COO⁻ + H₂O + CO₂. Wengi huvunja kila kitu chenye jina la asidi, na alama zinapotelea hapo.

Jingine analolisimamia kwa ukali ni chaji. Kwa shaba na ioni za fedha, Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag inaonekana imekaa sawa ukihesabu atomu peke yake, lakini kushoto chaji ni moja na kulia ni mbili. Sahihi ni Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag. Kila daftari analipitia mwenyewe, anaweka chaji ya kila upande kwa wino mwekundu.

Anafundisha kwa Kiswahili, kisha jibu la mwisho mnaliandika kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Huu ni utaratibu mzuri sana kwa sisi tuliokaa muda mrefu nje ya shule.

Upungufu upo. Mabenchi hayatoshi, ukichelewa unasimama, na ukiwa nyuma rangi ya mashapo huioni. Kanuni za chumvi zipi zinayeyuka na zipi haziyeyuki zilipitishwa haraka mno kwa karatasi ya fotokopi. Nitrati zote na chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu zinayeyuka, hizo ni rahisi, lakini salfeti na kloridi za risasi zilistahili kipindi kizima. Mazoezi ya kupimwa kwa saa pia hakuna, na hilo nimelazimika kulifanya nyumbani.

Kwa anayeanza kemia kabisa, darasa hili litamwendea mbio. Anayejua kusawazisha mlinganyo wa kawaida aende, afike mapema akae mbele, na achukue kitambaa cha mikono: nitrati ya fedha ikigusa ngozi inaacha doa jeusi linalokaa siku kadhaa.