AnkiDroid kwa Kiingereza cha sekondari: programu safi, kadi za kupakua ndizo balaa

Nafundisha Kiingereza shule ya kutwa ya serikali hapa Morogoro, kidato cha tatu na cha nne, na likizo huwa nakaa jioni na kundi la vidato vya tano na sita. Kwa hiyo nikisema msamiati wa juu simaanishi maneno ya kujitapia kwenye midahalo. Namaanisha yale yanayomkwamisha mtoto aliyesoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kisha Baiolojia, Historia na Jiografia zikamwangukia zote kwa Kiingereza kwa mpigo.

Mtoto huyo hakwami kwenye "mitochondria". Mwalimu wa Baiolojia ataichora ubaoni na kuirudia mpaka imkae kichwani. Anakwama kwenye maneno ambayo kila mwalimu anadhani ni kazi ya mwenzake: "whereas", "derive", "subsequent", "inhibit". Swali la Historia linaanza na "Account for", naye anasimulia tukio lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, vizuri kabisa, kumbe ameulizwa sababu. Historia anaijua na alama hapati.

Ndiyo maana nikaanza kuwaambia wapakue AnkiDroid. Ni programu ya kadi za kujikumbusha. Mbele kuna swali, nyuma kuna jibu. Unajiuliza, unageuza kadi, unaiambia simu umekumbuka au hukukumbuka. Ukikumbuka, kadi inarudi kesho, kisha baada ya siku chache, kisha wiki, kisha mwezi, inasogea mbali kila mara. Ukisahau inarudi karibu. Anki yenyewe, programu mama, ilitengenezwa na Damien Elmes mwaka 2006, alipokuwa anajifunza Kijapani. Hii ya Android inatengenezwa na watu wanaojitolea, ni bure, haina tangazo hata moja, na ukishaiweka kwenye simu haikuombi bando. Kwa mwanafunzi anayeazima simu ya mama kwa nusu saa baada ya chakula cha usiku, hayo mawili ya mwisho ni makubwa kuliko urembo wowote.

Urembo wenyewe haupo. Sura yake ni kavu, mipangilio ni mingi, na nusu ya hiyo mipangilio hakuna mwanafunzi anayeihitaji. Wazoefu wa programu za kujifunzia lugha zenye katuni, pointi na makofi wataiona hii kama fomu ya benki. Mimi nashukuru. Mtoto hakai kuwinda pointi, anajibu kadi zake na kurudisha simu kwa mwenyewe.

Sasa vitufe. Viko vinne: "Again", "Hard", "Good", "Easy". Wanafunzi wangu wengi, wakisahau neno, wanabonyeza "Hard", nadhani kwa sababu "Again" inawaumiza moyo. Lakini "Hard" kwa programu maana yake umekumbuka, ila kwa taabu. Ukiibonyeza hali umesahau, umeidanganya, na kadi itapelekwa mbali wakati ingetakiwa kurudi sasa hivi. Siku hizi nawaambia wasahau kabisa "Hard" na "Easy". Umekumbuka, "Good". Hukukumbuka, "Again". Basi.

Shida kubwa inaanza pale mtu anapopakua kadi zilizokwisha kutengenezwa. Ziko nyingi mno kwenye tovuti ya AnkiWeb, bure, na ukitafuta msamiati wa Kiingereza wa sekondari utaangukia kwenye seti za mtihani wa Marekani wa SAT au ule wa GRE wa kuingilia shahada za juu. Humo ndimo mtoto wa kidato cha tatu anakutana na "pulchritude" na "obsequious". Niambieni ni karatasi gani ya Jiografia ya NECTA, Baraza letu la Mitihani, itamdai "pulchritude". Na la kuchekesha, SAT wenyewe waliachana na mtindo huo. Ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, yale maswali ya kujaza sentensi kwa maneno adimu yaliondolewa, msisitizo ukahamia kwenye maneno ya kawaida ya kitaaluma ndani ya kifungu. Seti za zamani zimebaki zinazunguka mtandaoni, na watoto wetu wanazikremu. Ni kumvalisha mtoto suti ya babu yake: nguo ya heshima, lakini shuleni haendi nayo.

Ubaya wa pili wa kadi hizo ni kwamba nyingi zina neno mbele na maana ya neno moja nyuma. Mtoto anakuwa na orodha ndefu kichwani ya maneno asiyoweza kuyatumia. Ukimwambia atunge sentensi anaandika "The teacher was very constitute." Neno analijua, jinsi ya kulikalisha ndani ya sentensi hajui.

Kadi ninayoitaka ni ile ambayo mwanafunzi ameitengeneza mwenyewe, kwa sentensi aliyoitoa kwenye kitabu chake au kwenye karatasi ya mtihani uliopita. Programu ina aina ya kadi ya kujaza nafasi: unaandika sentensi nzima, unaficha neno moja. "Low temperature ____ enzyme activity." Nyuma, "inhibits", na chini yake maelezo mafupi kwa Kiingereza rahisi, pamoja na Kiswahili akitaka. Kwa maelezo ya Kiingereza nawaelekeza kwenye kamusi ya wanafunzi ya Oxford, kwa sababu fasili zake zimeandikwa kwa kutumia maneno ya kawaida kama 3,000 tu, hivyo mtoto hatafuti neno moja akakuta mengine manne asiyoyajua. Kutengeneza kadi moja namna hii kunachukua dakika mbili au tatu. Wanalalamika. Lakini zile dakika tatu ndizo somo lenyewe, na nimewaona wakikumbuka neno kabla hata kadi haijarudi mara ya kwanza.

Maneno yapi? Hapa kuna msaada ambao walimu wengi niliozungumza nao hawaufahamu. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma. Alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5, ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, akaondoa yale 2,000 ya kila siku, akabakiwa na familia za maneno 570 zinazojirudia katika fani zote. Familia hizo peke yake zilifikia karibu asilimia 10 ya maandishi yale. Orodha imegawanywa mafungu kumi, linaanza lenye maneno yanayotokea mara nyingi zaidi: "analyse", "assess", "derive", "constitute". Hayo ni maneno ya maswali yetu ya mtihani! Fungu la kumi ndilo lina "albeit" na "notwithstanding", ambayo kidato cha sita wanayapenda kuliko yanavyostahili. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akimaliza mafungu matatu ya mwanzo, na familia zake, yaani siyo "analyse" tu bali "analysis" na "analytical" pia, mimi sina la kumdai.

Ila orodha haichukui nafasi ya sentensi. Anachukua neno kwenye orodha, kisha analiwinda kwenye kitabu chake cha Baiolojia au Historia. Asipolipata mle, aliache kwanza.

Jambo la kurekebisha siku ya kwanza: AnkiDroid imewekwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku. Kwa mtoto mwenye masomo tisa hiyo ni nyingi. Wiki ya kwanza anafurahi, baadaye kadi za marudio zinarundikana, akiruka siku mbili anakuta mia na ushee zinamsubiri, anaifuta programu. Ingia kwenye mipangilio ya seti, punguza ziwe tano au sita. Na kadi ikisahaulika mara nane, programu inaiita ruba, mdudu anayekunyonya muda, na kutegemea mipangilio inaweza kuisimamisha. Usiiache ilivyo. Iandike upya kwa sentensi nyingine, mara nyingi kosa lilikuwa kwenye kadi.

Sauti nayo ipo. Simu inaweza kukusomea neno, na sauti ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Matamshi ni ya kiroboti kidogo, lakini yanatosha kumzuia mtu asiseme "sub-se-kwenti" mbele ya darasa.

Wazazi huniuliza, "Mwalimu, simu tena?" Swali halali, na kwa wa bweni ambako simu ni marufuku jibu ni manila. Nunua karatasi ya manila steshenari, kata kadi, tafuta boksi la viatu, ligawe vyumba vitano. Ukipata kadi, inasonga chumba cha mbele. Ukikosa, inarudi cha kwanza. Cha kwanza unakipitia kila siku, vya mbele kwa nafasi zaidi na zaidi. Mtindo huu aliueleza Mjerumani Sebastian Leitner mwaka 1972, kabla ya simu hizi. Wanafunzi wangu wa bweni wanafanya hivyo muhula mzima, likizo wanarudi kwenye simu. Kusema kweli kwa kidato cha tatu boksi linafanya kazi sawa tu. Programu inaanza kulishinda kadi zikifika mia kadhaa, maana hapo hakuna mtoto atakayeendelea kukumbuka chumba kipi ni cha leo.

Mnaotumia iPhone, huko Anki rasmi inauzwa dola 24.99, mara moja tu, haina malipo ya kila mwezi. Ukiona yenye jina linalofanana inayokudai kila mwezi, siyo hiyo. Kwa bei hiyo sishauri mzazi amnunulie mtoto. Afungue akaunti ya bure AnkiWeb, afanye kadi zake kwenye kivinjari. Wa Android, baada ya kutengeneza kadi zenu zitoeni kama faili moja na kujitumia WhatsApp kila mwisho wa wiki. Simu za wanafunzi huibwa, huuzwa na kurudishwa kwa wenyewe, na faili hilo linafunguka kwenye simu yoyote yenye AnkiDroid. Wanne wa kidato cha tano sasa wanapeana faili hivyo, mmoja anatengeneza za Historia, mwingine za Uchumi. Nimewakubalia, kwa sharti kwamba anayepokea abadilishe sentensi.