Tathmini ya Huduma ya Kufunga Mfumo wa Gesi kwenye Gari: Miezi 14 kati ya Kibaha na Posta

Kwa miezi 14 sasa gari langu, Toyota IST ya injini ya cc 1,500, limekuwa likitumia gesi asilia iliyoshindiliwa, ambayo wengi tunaiita CNG, katika safari ya kila siku kutoka Maili Moja, Kibaha, hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kurudi. Ni karibu kilomita 40 kwenda na nyingine 40 kurudi, siku 22 kwa mwezi, na tangu wiki ya kwanza nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila kilo ya gesi na kila lita ya petroli iliyoingia kwenye gari hilo. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayekaa Kibaha, Chanika, Bunju au Kigamboni na kufanya kazi katikati ya jiji, ambaye kila mwisho wa mwezi anaona sehemu kubwa ya mshahara wake imeishia sheli.

Kabla ya gesi nilijaribu njia za kawaida. Nilihakikisha matairi yana upepo wa kutosha kila Jumapili, niliondoa mizigo isiyohitajika kwenye buti, na nilianza kuondoka nyumbani saa kumi na moja kasoro alfajiri ili nipite Kimara na Ubungo kabla foleni haijafunga. Hatua hizo zina faida, na ile ya kuondoka mapema ndiyo iliyosaidia kuliko zote, lakini matumizi yangu hayakushuka chini ya lita moja kwa kila kilomita 12, kwa sababu jioni hakuna namna ya kuikwepa foleni ya kutoka mjini.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilomita 1,760 kwa mwezi zilikuwa zikinichukua takriban lita 147 za petroli, na kwa bei ambayo katika kipindi hiki imekuwa ikipanda na kushuka karibu na shilingi 2,900, nilikuwa nikilipa zaidi ya shilingi 426,000. Sasa ninatumia wastani wa kilo 105 za gesi kwa shilingi 1,550 kila kilo, yaani shilingi 162,750, pamoja na lita 9 hivi za petroli, kwa kuwa gari huwaka kwa petroli na kuhamia kwenye gesi baada ya injini kupata joto. Jumla haifiki shilingi 190,000. Tofauti inayobaki mfukoni ni takriban shilingi 237,000 kwa mwezi, na kwa kuwa nililipa shilingi 1,900,000 kufungiwa mfumo wote na baadaye nikaongeza gharama ya plagi mpya, fedha zangu zilirudi katika mwezi wa tisa.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito sawa na unafuu wenyewe, nalo ni utulivu wa bei. Petroli huja kwa meli, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, itangaze bei kikomo ili tujue tutaendeshaje magari yetu. Gesi ninayoijaza inatoka Songo Songo, Kilwa, na Mnazi Bay, Mtwara, nayo hufika Dar es Salaam kwa bomba. Katika miezi yote 14 sikuwahi kubadilisha tarakimu ya bei ya kilo kwenye daftari langu. Mtu anayepanga ada za watoto anaelewa thamani ya jambo hilo.

Sasa nieleze huduma ya ufungaji, kwa maana hapo ndipo mtu anaweza kupata gari zuri au mateso. Karakana niliyoitumia, ambayo sitaitaja, ilipokea gari asubuhi na kulirudisha kesho yake jioni. Mtungi wa chuma wenye uwezo wa kilo 11 ulifungwa ndani ya buti, kidhibiti cha mgandamizo, chujio, nozeli za gesi na kompyuta yake ndogo vikawekwa kwenye chumba cha injini, na karibu na usukani kikaongezwa kitufe cha kubadilisha mafuta chenye taa zinazoonyesha kiasi cha gesi kilichobaki. Kazi ya mikono ilikuwa safi: mabomba yalibanwa vizuri, nyaya zilifungwa kwa mkanda na hakuna tundu lililotobolewa ovyo kwenye bodi. Nilipewa hati ya mtungi, na namba iliyoandikwa juu yake ililingana na ile iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi. Msomaji asikubali kuondoka bila kuhakiki hilo yeye mwenyewe, pamoja na tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu mtungi huo hubeba gesi kwa mgandamizo wa baa 200.

Kosa lao lilikuwa kwenye urekebishaji. Fundi aliunganisha kompyuta yake na mfumo gari likiwa limesimama, akaongeza moto mara mbili tatu, akaridhika. Siku ya tatu, nikipanda mlima wa Kimara nikiwa na abiria watatu, gari lilianza kukohoa na kushtuka kila nilipokanyaga mafuta, na taa ya injini ikawaka. Nilirudi mara mbili nikiambiwa kwamba injini bado inaizoea gesi, maelezo ambayo hayana msingi wowote, kwani injini haina cha kuzoea. Ama inapata mchanganyiko sahihi wa gesi na hewa, ama haiupati. Mara ya tatu nilisisitiza kwamba fundi aketi pembeni yangu na kompyuta yake tukiwa barabarani, na katika nusu saa ya kupanda na kushuka aliona mwenyewe kwamba injini inapobeba mzigo gesi inayoingia ni pungufu. Alirekebisha, akapunguza pia uwazi wa plagi, kwa kuwa gesi huhitaji cheche yenye nguvu zaidi kuliko petroli, na tangu siku hiyo tatizo halijarudi. Ningeomba kila karakana iuchukulie mwendo wa barabarani kuwa sehemu ya lazima ya kazi, na kila mteja aibakishe mkononi mwake sehemu ya malipo hadi mwendo huo ufanyike.

Nguvu ya gari imepungua kidogo. Kwenye tambarare sihisi tofauti, lakini ninapotaka kulipita lori kati ya Kibamba na Kiluvya ninalazimika kupanga mapema, na mara nyingine nabonyeza kitufe na kurudi kwenye petroli kwa dakika moja. Buti limekwisha kabisa kama mahali pa kuweka mizigo, na mtungi wa chuma umeongeza uzito ambao springi za nyuma zinauonyesha wazi. Kwenye IST tairi la akiba hukaa chini ya sakafu ya buti, kwa hiyo mwambie fundi kabla hajaanza kutoboa kwamba unataka kulifikia tairi hilo bila kuufungua mtungi. Mimi nilikumbuka kusema, jirani yangu hakukumbuka, na alipopata pancha usiku alisaidiwa na wapita njia kwa zaidi ya saa moja.

Upungufu mkubwa kuliko yote uko kwenye vituo vya kujazia. Mtungi wa kilo 11 unanitosha siku mbili na kidogo, kwa hiyo ninajaza karibu mara 11 kwa mwezi. Katika miezi ya mwanzo foleni ya bajaji na magari ya abiria ilinichukua saa moja kwa wastani, na siku mbaya saa mbili, hivyo saa 11 za kusubiri kwa mwezi zilikuwa ndiyo bei halisi ya zile shilingi 237,000. Kwangu bado ilikuwa biashara nzuri, lakini mama mwenye mtoto wa kumchukua shuleni saa tisa hawezi kuifanya. Hali imekuwa nafuu tangu nilipoanza kutumia kituo mama, yaani kituo kikubwa kinachopata gesi moja kwa moja kutoka kwenye bomba, cha TPDC (Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania) kilichopo Barabara ya Sam Nujoma, ambapo magari kadhaa hujazwa kwa pamoja, ingawa kwangu ni kuchepuka kutoka Barabara ya Morogoro pale Ubungo. Ninafika huko saa kumi na moja na robo alfajiri na mara nyingi ninaondoka ndani ya dakika 20.

Saa hiyo ina faida nyingine ambayo sikuambiwa na mtu. Gesi inapojazwa kwa kasi hupata joto na kutanuka, kwa hiyo mchana wa jua kali pampu hukata ikiwa mtungi umefika mgandamizo wake lakini umebeba kilo chache. Aidha, kwenye kituo kinacholetewa gesi kwa malori, mgandamizo hushuka kadiri mitungi ya lori inavyokwisha. Nimewahi kusubiri saa moja na nusu nikaondoka na kilo 7 wakati nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya kilo 10. Kabla ya kuingia kwenye foleni ya namna hiyo, muulize dereva anayetoka amepata kilo ngapi.

Kuhusu usalama, hofu niliyoikuta nyumbani ilitokana na kuifananisha gesi hii na ile ya jikoni. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, ilhali gesi asilia ni nyepesi na hupanda juu na kutawanyika, na mtungi wake ni mnene zaidi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo ninawashusha abiria wote wakati wa kujaza, kama kanuni inavyotaka, na harufu yoyote ndani ya gari ni sababu ya kufunga vali ya mtungi mara moja na kurudi kwa fundi. Ninasafisha chujio la hewa mara kwa mara kuliko zamani, na mwezi ujao nitaomba uwazi wa vali za injini upimwe, kwa sababu gesi ni kavu na huchosha viti vya vali taratibu.

Mke wangu ana gari lake, analoliendesha mara tatu kwa wiki kutoka nyumbani hadi Mlandizi. Tulikaa na daftari, tukapiga hesabu ya kilomita zake, tukaona kwamba ingemchukua miaka kadhaa kurudisha gharama ya kufunga na kwamba vituo ninavyovitumia haviko upande anaokwenda. Gari hilo litaendelea na petroli.