The Epic ya Kamasi Washington: karibu masaa matatu na bado nasema nunua

Nisizunguke, hii albamu ya jazi ya Kamasi Washington, mpuliza saksofoni, ni ya kununua kabisa, siyo ya kuonja nyimbo mbili kwenye simu ukaondoka. Ilitoka Mei 2015 kwa lebo ya Brainfeeder ya prodyuza Flying Lotus, sahani tatu, nyimbo 17, karibu masaa matatu, na ukiitaka ya santuri jipange maana boksi ni zito na bei yake nayo. Najua kuna atakayeuliza nani ana muda wa jazi masaa matatu, ila jamani sisi wa taarab tushakaa kitako tukangoja fidla zicheze weee mpaka mwimbaji aamue kuingia, kwa hiyo dakika 12 za wimbo wa kwanza, Change of the Guard, zisitutishe.

Kamasi ni mtoto wa Los Angeles, kazaliwa 1981, kakulia Inglewood, baba yake Rickey Washington naye mpuliza saksofoni na filimbi. Kasoma muziki chuo kikuu cha UCLA hapo hapo Los Angeles, kapiga kwa rapa Snoop Dogg, kapiga kwenye bendi kubwa ya mzee Gerald Wilson, miaka mingi yuko nyuma ya majina ya watu. Wengi tulimsikia kwa rapa Kendrick Lamar, ile albamu yake To Pimp a Butterfly ya Machi 2015 ambayo alipuliza na kupanga fidla, ndo maana mpaka leo wapo wanaosema Kendrick kambeba. Hapo mi nakataa. Nyimbo za The Epic zilirekodiwa tangu 2011, kazi ilikuwa tayari, watu ndo walichelewa kusikiliza.

Na utamu wake uko hapo hapo, hii ni bendi ya marafiki waliokua pamoja. Besi ina Thundercat na Miles Mosley, dramu zina Ronald Bruner Jr. na Tony Austin, trombone Ryan Porter, kinanda Brandon Coleman na Cameron Graves, wanajuana kiasi kwamba mmoja akipandisha wote wameshapanda hujui nani kaanza. Kamasi mwenyewe anapuliza saksofoni ya tenor, anaanza taratibu kama anaongea, anarudia kijisehemu kimoja, anakikunja, anakirefusha, mpaka saksofoni inalia kwa sauti ya kukwaruza na nyuma kuna okestra ya watu 32 na kwaya ya watu 20. Isikilize kwenye spika nzuri au hedifoni za maana, spika ya simu inaua besi yote na bila besi umepoteza nusu ya albamu.

Ila siyo kila kitu sawa. Kwaya imezidi, kuna sehemu saksofoni iko peke yake na inatosha kabisa halafu wanaingia tena na aaaah zao, inachosha. Sahani ya tatu nayo kwangu ndo dhaifu, Clair de Lune ya mtunzi wa Kifaransa Debussy imevutwa mno, japo Malcolm's Theme yenye maneno ya mwigizaji Ossie Davis ya kwenye mazishi ya Malcolm X mwaka 1965 inaiokoa sana.

Alizotoa baadaye pia nzuri. Heaven and Earth ya 2018 ni ndefu nayo, Fearless Movement ya 2024 inachezeka zaidi, ina George Clinton wa funk, ina rapa André 3000 kwenye filimbi, inafungua na sala ya Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, na kuna wimbo Asha the First ambao ulianza na vijinoti vya binti yake mdogo kwenye piano.

Lakini mwenye hela ya moja tu achukue The Epic. Na kama jazi ni ngeni kwako usianze mwanzo, nenda sahani ya pili uweke Henrietta Our Hero, wimbo wa bibi yake Kamasi, Patrice Quinn anaimba, ukiupenda huo rudi sahani ya kwanza uende nayo yote bila kuruka.