Wakili Aliyekataa Kesi Yetu na Kituo Kilichoipokea: Tathmini ya Huduma za Kisheria Kigoma

Tathmini hii inahusu ofisi mbili zilizopo Manispaa ya Kigoma Ujiji: ofisi ya wakili wa kujitegemea iliyopo Mwanga, na kituo cha wasaidizi wa kisheria kinachohudumia wananchi bila malipo upande wa Ujiji. Nilifika kote kuwili nikimsindikiza shangazi yangu, ambaye ni mjane, katika mgogoro wa mirathi ya marehemu mumewe. Sitataja majina ya ofisi hizo. Mgogoro wenyewe haujaisha, na kanuni za maadili ya mawakili nchini zinabana sana suala la wakili kujitangaza, hivyo nisingependa sifa ninazozitoa hapa zigeuzwe kuwa tangazo la mtu. Ninachopima ni mwenendo wa wahusika, kwa sababu anayeingia ofisi ya mwanasheria huwa hana ujuzi wa kupima kazi yenyewe. Anachoweza kukiona ni namna anavyotendewa kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mume wa shangazi aliacha nyumba na watoto. Ndugu yake aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na tangu siku ya uteuzi hakuna mrithi aliyeonyeshwa orodha ya mali wala hesabu ya mgawanyo. Habari kwamba nyumba imeuzwa zilimfikia shangazi siku alipowakuta watu wasiofahamika wakipima uwanja wake kwa futi kamba. Yeye ni mtu wa dini na anajua kwamba, kwa kuwa marehemu aliacha watoto, fungu lake kama mke ni thumni, yaani sehemu moja ya nane kwa sheria ya Kiislamu. Alichokuwa hakijui ni mlango gani wa kubisha.

Katika ofisi ya Mwanga tulipokewa na karani ambaye, kabla ya kuuliza jambo lolote lililotupeleka, aliomba majina kamili ya watu wote wanaohusika: marehemu, msimamizi, mnunuzi na wajumbe waliosaini kama mashahidi. Aliyaandika kwenye daftari kubwa, akaingia nalo ndani. Shangazi aliudhika, akaona anahojiwa kama mtuhumiwa. Tulipoitwa, wakili alimwamkia, akamkalisha, na mara shangazi alipoanza kusimulia alimsimamisha kwa upole: "Mama, nakuomba usinieleze zaidi. Nimewahi kumhudumia mmoja wa watu mliowataja, kwa hiyo siwezi kulipokea shauri hili, na si vyema nikalisikia." Hakusema ni nani kati yao wala alimfanyia kazi gani. Nilipomdodosa alinijibu kwamba jambo hilo ni la mteja wake, na hana ruhusa ya kulitoa.

Nimeona watu wengi wakichukulia jibu kama hilo kuwa ni dharau au njama, ndiyo maana naliwekea uzito. Wakili hutunza siri za aliyemtuma hata baada ya kazi kwisha, na Sheria ya Ushahidi nayo inailinda siri hiyo. Kama angemwacha shangazi amwage yote aliyokuwa nayo moyoni, angebaki na siri za pande mbili zinazogombana, na kila ushauri ambao angeutoa baadaye, kwa yeyote kati yao, ungekuwa na doa. Angeweza kunyamaza, akapokea ada, kisha akajitoa shauri likiwa limefika katikati, wakati mjane ameshaishiwa. Alichagua kupoteza mteja ndani ya dakika chache za mwanzo, na hakudai hata shilingi ya kumwona. Sheria ya Mawakili inasema kila wakili aliyeapishwa ni ofisa wa Mahakama Kuu. Mimi siku ile niliona maana yake ikitendeka mezani, maana aliyelindwa hakuwa mteja wake wa zamani peke yake, alikuwa pia mama huyu ambaye hakumlipa chochote.

Kabla hatujaondoka alitueleza mambo mawili. La kwanza, mtu yeyote anaweza kuhakiki kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili kama anayejiita wakili ana cheti hai cha kufanyia kazi, kwa sababu cheti hicho huhuishwa kila mwaka. La pili, kwa shauri lililopo Mahakama ya Mwanzo huenda shangazi asihitaji wakili kabisa. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamewafungulia mlango pale tu zinapoongozwa na hakimu mkazi, yaani hakimu mwenye shahada ya sheria. Mfanyabiashara anayemwambia mteja kwamba bidhaa yake haimfai ni nadra kumpata, na ushauri huu ndio ulioniaminisha kwamba daftari lile la majina halikuwa pambo.

Ofisi hiyo ina kasoro, nami sitazificha. Chumba cha mapokezi hakina ukuta wala pazia la kukitenga na benchi la wanaosubiri. Majina tuliyoyataja kwa karani yaliwafikia watu wote waliokaa pale, na katika mji wa kiasi chetu jina moja linatosha kuusimulia mgogoro mzima. Ofisi inayolinda siri kwa ukali namna ile ndani ya chumba cha wakili haina sababu ya kuiacha imwagike mlangoni. Kasoro ya pili ni ada. Ipo Amri ya Ujira wa Mawakili ya mwaka 2015 inayoweka viwango, lakini hapakuwa na karatasi yoyote ukutani inayomjulisha mwananchi gharama ya ushauri, ya kuandaa hati au ya kusimamia shauri. Mtu anayeogopa bei haulizi. Hugeuka akarudi nyumbani, na njiani hukutana na vishoka, yaani watu wanaojifanya wanasheria.

Vishoka hao wapo. Mmoja alitufuata karibu na viwanja vya mahakama akiwa na bahasha ya kaki kwapani, akajitambulisha kuwa "mtu wa sheria", akaahidi kufungua kesi siku hiyohiyo kwa malipo ya nusu kwanza. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kujifanya wakili au kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na inamwekea adhabu. Ubaya wa kishoka hauishii kwenye pesa anayoichukua. Hufungua shauri mahali pasipohusika, siku za rufaa zikapita, na mwananchi akaja kugundua akiwa amechelewa: rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30 tu. Wazee wa Kigoma wanakumbuka wakati rufaa za Mahakama Kuu zilipokuwa zikipelekwa Tabora, safari ya treni ya kilomita zipatazo 400. Leo Mahakama Kuu inakaa hapahapa mjini, na ingekuwa hasara kubwa umbali huo kufutwa halafu haki ikaishia kwenye bahasha ya mtu asiyewajibika popote.

Kituo cha wasaidizi wa kisheria kinatumia chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la chuma. Cheti cha usajili kimetundikwa mahali ambapo kila anayeingia anakiona, na chini yake pana tangazo lililoandikwa kwa mkono kwamba huduma hailipiwi. Msingi wa kazi yao ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na kuwaweka chini ya Msajili. Sheria iliyotangulia, ya mwaka 1969, ilihusu mashauri ya jinai pekee, hivyo mjane mwenye mgogoro wa nyumba hakuwa na nafasi ndani yake. Msaidizi wa kisheria hutoa elimu, huelekeza, husaidia kuandaa nyaraka na husuluhisha, lakini hamwakilishi mtu mahakamani. Mama aliyetuhudumia alilisema hilo kabla hatujauliza.

Alimsikiliza shangazi mpaka akamaliza. Kisha akamweleza, kwa Kiswahili ambacho hakikuhitaji mkalimani, kwamba msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na hesabu, ambazo ni Fomu Namba 5 na Namba 6, na kwamba mahakama iliyomteua ndiyo yenye uwezo wa kumwita ajieleze na hata kuutengua uteuzi wake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kurudi palepale kwenye jalada la mirathi, kuomba nakala, na kuandika maombi. Alimsaidia kuyaandika, akamsomea sentensi baada ya sentensi, na pale shangazi aliposema "hapo sivyo", akafuta na kuandika upya.

Jambo lililonigusa zaidi lilihusu muhuri. Jina la shangazi kwenye cheti cha ndoa halilingani na lile la kitambulisho cha taifa, hivyo alihitaji kiapo cha majina. Ofisi moja mjini, ambayo si kati ya hizi mbili, ilikuwa imetuambia tuache karatasi na pesa, jioni tukachukue kiapo kikiwa tayari kimegongwa. Mwapaji mwenyewe hakuhitajika. Katika kituo hiki hufika wakili wa kujitolea, ambaye kwa sheria ni kamishna wa viapo, yaani mtu anayeruhusiwa kuwaapisha watu. Alimtaka shangazi awepo mwenyewe na kitambulisho chake, akausoma waraka wote kwa sauti kwa kuwa macho ya shangazi yamedhoofu, akamuuliza kama anaelewa kwamba kusema uongo katika kiapo ni kosa, akamwapisha, na baada ya dole gumba kuwekwa ndipo akaandika tarehe na mahali kwa mkono wake na kugonga muhuri. Alieleza pia kwamba anaweza kufanya hivyo kwa sababu si wakili wa shangazi katika shauri hili. Sheria inamtaka kamishna aseme kweli kuhusu lini na wapi kiapo kilitolewa mbele yake. Anayegonga muhuri juu ya kiapo cha mtu asiyemwona anatoa ushahidi wa uongo kwa kalamu yake mwenyewe, na hakimu anayeusoma waraka ule hana njia ya kujua. Nyumba na mashamba hubadilisha wamiliki kwa mihuri ya namna hiyo, na naamini kwamba hakuna kosa la mawakili linalowaumiza raia wa kawaida kwa ukimya kuliko hili.

Kasoro ya kituo niliiona kwenye usuluhishi. Walimwandikia shemeji yake shangazi, yule msimamizi wa mirathi, barua ya kumwalika, naye akaja. Kikao kilianza kwa mawaidha marefu ya kumaliza mambo kifamilia, wakati shangazi alikuwa bado hajapata nakala ya jalada wala hajui nyumba iliuzwa kwa kiasi gani. Shemeji alikuja na watu wake, shangazi alikuwa na mimi tu. Nilisimama nikaomba kikao kiahirishwe hadi nyaraka zipatikane, na kwa haki niseme kwamba walikubali bila kinyongo. Hata hivyo kuna wajane wanaofika pale peke yao. Suluhu inayofungwa kabla mmoja hajajua kiwango cha haki yake inampa mwenye nguvu baraka ya ofisi, na kituo kinapaswa kuweka utaratibu wa kutoanza kikao cha mirathi mpaka orodha ya mali iwe mezani. Pili, wakili wa kujitolea hafiki kila siku, na hakuna ratiba inayobandikwa nje. Watu wa Kalinzi na vijiji vingine hulipa nauli wakafika siku asiyokuwepo.

Nimesikia mawakili wakinung'unika kwamba vituo hivi vinawanyang'anya wateja. Sioni hivyo. Wengi niliowakuta kwenye foleni ile wasingefika kamwe Mwanga, na Katiba, ibara ya 107A, inaiagiza Mahakama kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Agizo hilo halitekelezeki kama aliye maskini hajui hata fomu ya kuomba. Wakili anayetoa mchana wake kwa kituo kama hiki anafanya sehemu ya kazi aliyoiapia, na ningependa kuona ofisi nyingi zaidi za mjini zikipokezana zamu.

Ofisi ya Mwanga naipa alama ya juu kwa uadilifu na ya wastani kwa mapokezi. Ningemshauri mwenye shauri la ardhi lililofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au lolote la Mahakama Kuu, aitafute ofisi inayoanza na daftari la majina. Ambaye hakuridhika na mwenendo wa wakili wake ana haki ya kulalamika kwenye Kamati ya Mawakili, inayoongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu na yenye mamlaka ya kumwonya wakili, kumsimamisha au kumwondoa kwenye orodha. Nilipomuuliza wakili wa Mwanga kuhusu kamati hiyo, alinieleza utaratibu wake bila kusita.

Kituo cha Ujiji nakipa alama ya juu sana kwa mirathi, matunzo ya watoto na migogoro ya ndoa. Anayekwenda kwa ajili ya mirathi achukue cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo na nakala ya uteuzi wa msimamizi kama anayo, na apige simu kwanza kuuliza kama wakili atakuwepo siku hiyo. Mwenye ndugu aliyeko mahabusu kwa kosa zito asiishie hapo. Aombe kwa hakimu au jaji anayesikiliza shauri apatiwe wakili, kwa kuwa Sheria hiyohiyo ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu.