Mkaa mbadala wa duara: kwa maharage safi, chai ya haraka sahau

Jamani wale mliokuwa mnauliza kuhusu huu mkaa mbadala unaouzwa huku kwetu Mbagala, vile vitofali vya duara vyenye tundu katikati, mimi nautumia na nausema kama ulivyo.

Kuuwasha ni shughuli. Naanza na mkaa wa kawaida kiganja kimoja chini, ukishashika ndio napanga vitofali juu, tundu ziwe wima hewa ipande, halafu napepea weee mpaka pembeni pawe pekundu. Mwanzoni unatoa moshi kwahiyo washia nje. Ila ukikolea aisee unatulia, hauruki cheche, maharage yanaiva yote na moto unabaki wa kuchemshia watoto maji ya kuoga. Ugali ndio shida, ule moto mkali wa kusongea haupo na huwezi kuchochea, ukigusa na kijiti unamomonyoka umeuua. Majivu nayo sio mchezo, vitundu vya jiko vinaziba.

Bei inakaribiana na mkaa wa kawaida, tofauti huu unapimwa kwa kilo na sio kwa kopo lililobonyezwa kitako (tunajuana).

Sasa mtu atasema si upikie gesi tu. Gesi ninayo, ya chai ya asubuhi, ila makande kwa gesi mtungi unaisha kabla ya mshahara. Na mkaa wa mti unanikera kusema kweli. Dar tulikuwa kama milioni 4.4 sensa ya 2012, ya 2022 tukafika kama milioni 5.4, tunashangilia maghorofa na flaiova, lakini mtu akihama kijijini anaacha kuni za kuokota anaingia kwenye mkaa, na tanuri la kienyeji la udongo linaweza kula kilo kumi za kuni kutoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Yaani maisha yakipanda kidogo ndio miti inaliwa zaidi, hata chipsi za mtaani nyingi zinakaangiwa mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hapo Kisarawe imekatwa vya kutosha, magunia sasa yanatoka mpaka Kilwa na Kilosa. Serikali inataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, sawa, ila mama ntilie jioni ya leo anapikia nini?

Lawama yangu kubwa iko hapa. Nimemuuliza muuzaji vinatengenezwa na nini, akajibu chenga. Chenga za mkaa ule ule wa miti! Sio mbaya, zingemwagwa tu, lakini magunia ya mkaa yasipokuja, chenga nazo hazipo, kwahiyo tusiambiane tumeokoa msitu. Kuna wanaotengeneza kwa vifuu vya nazi na maranda ya mbao, hao ndio nawatafuta. Wengine wanatumia vumbi la makaa ya mawe, hiyo kesi nyingine kabisa. Mfuko wa huyu wangu hauna maandishi yoyote, uliza kabla hujalipa.

Na usilale na jiko ndani, hewa yake inaua kama ya mkaa wowote.

Nyota tatu kwa tano. Wa maharage, makande na kongoro nunua, wa chapati na mayai baki na gesi yako, na mwenye kujua duka la vile vya vifuu upande huu wa Mbagala aniandikie hapa chini.