Programu za kutengenezea video ya maneno ya wimbo: nianze na ipi?

Msanii anayejitegemea akishatoka studio, mara nyingi hela ya video kamili haipo, na video ya maneno, ile inayoonyesha mashairi yakipita kwenye skrini wimbo ukiimbwa, ndiyo inayoubeba wimbo YouTube. Programu hizi nimezipanga kwa maswali mawili: neno linakaa pale pale sauti inapolitaja? Na video inatoka bila nembo ya programu yenyewe?

Mwenye kompyuta yenye nguvu achukue DaVinci Resolve. Toleo la bure halibandiki nembo na linatoa video hadi 4K. Ninaipendea mchoro wa sauti: unauvuta, unaliweka neno fremu kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Neno likitangulia sauti kwa fremu mbili tatu, msikilizaji anaimba nalo. Likichelewa kiasi hicho hicho, kiitikio chote kinapwaya. Na ingiza wimbo kama WAV, faili la sauti lisilobanwa. MP3, faili lililobanwa, huongezewa ukimya mdogo mwanzoni, kwa hiyo ukipanga maneno kwa MP3 kisha ukaweka WAV, kila mstari unasogea. RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ikiwa chini ya GB 16, jiandae kwa mashine kukwamakwama.

Kwa mashine ya kawaida, Kdenlive inashika nafasi ya pili. Ni bure kabisa, haina nembo, na ingawa maandishi yake hayana mbwembwe, yanasomeka vizuri.

Wa simu, nendeni CapCut. Kile kipande cha mwisho chenye jina lake kinafutika. Ila ukigusa madoido ya Pro, utadaiwa malipo wakati wa kuhifadhi kazi. Maneno yaandike mwenyewe, mstari kwa mstari, maana manukuu ya kujiandika yenyewe hupotea sauti ikipanda juu ya biti, na lugha ya mtaani ndiyo kabisa.

KineMaster nayo inafaa, lakini ya bure inaacha nembo yake juu ya kazi yako. Canva naiweka mwisho: kwa kava ni safi, kwa mistari ya kurap inachosha.

Yoyote utakayoichagua, mpe mtu mwingine asome maneno yote kabla hujapandisha. YouTube hairuhusu kubadilisha faili la video iliyokwisha kupanda. Kwa herufi moja tu iliyokosewa, itakubidi uipakie upya na kuanza kuhesabu watazamaji kutoka sifuri.